Kayamba Kabla ya Ngoma

Jumanne, 2 Mei 1995

Hapa Migori mvua tangu alfajiri. Tony anakohoa. Nimempaka mafuta kifuani na kumfunga kitambaa shingoni, analia ati kinawasha. Mume wangu, Baba Joyline, ameweka tena vyuma vyake juu ya meza. Nikasema meza ni ya chakula. Akasema leo ni ya sauti. Basi tukala sahani zikiwa magotini.

Mambo yenyewe ni haya. Kule Homa Bay kuna Mama Phelesia, yule mwenye lori za samaki. Amenunua spika mbili kwa padre mzungu aliyerudi kwao — kubwa kama kabati! Hana cha kuziendesha. Anataka amplifaya ya nyumbani. Si ya harusi, si ya mkutano. Ya kusikiliza mtu akiwa ameketi na chai yake. Ameita mafundi wawili, mume wangu Gichana na Nicodemus wa hapo hapo Homa Bay. Kila mmoja atengeneze yake. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu zitapigwa nyuma ya pazia, asijue ipi ni ya nani, achague kwa masikio tu. Atakayeshinda atapewa kile chumba chake cha mbele, kando ya barabara, kiwe duka la ufundi.

Baba Joyline ataacha kusaga unga poshomili.

Ataacha poshomili! Nimeandika mara ya pili kwa sababu napenda kuliona.

Alhamisi, 4 Mei

Kalamu imeisha wino, naandika na ya Joyline ya shule. Kitabu pia ni yeye alinipa, kilitoka duka la dawa za ng'ombe mwaka mpya. Alisema andika mama, mkono usisahau. Mimi niliishia darasa la tano. Mkono haujasahau, ila unachoka.

Ya Baba Joyline ni ya transista. Mbili kubwa, amezifunga kwa skrubu kwenye kipande cha sufuria yangu ya aluminiamu ili joto litoke, zisiungue. Sufuria ilikuwa imetoboka, ni kweli. Lakini aliniuliza baada ya kukata.

Ya Nicodemus ni ya zile taa za gilasi, za redio za wazee wetu. Ukiwasha unangoja zipate moto, kama jiko. Baba Joyline anasema huo ni uzee. Yake ukibonyeza inaamka hapo hapo.

Nilimuuliza hizo mbili zinafanya nini. Akasema moja inasukuma, nyingine inavuta, zinapokezana. Nikasema kumbe ni kama mimi na dada yangu Kemuma tukitwanga wimbi kwa kinu kimoja. Alifurahi mpaka akaweka chini chuma cha moto. Akasema hiyo ndiyo! Na shida iko pale wewe umeinua mchi na Kemuma hajashusha wake. Pale katikati kuna mwanya. Ukifungulia sauti juu hujui. Ukiweka chini, mwanya unakwaruza.

Akashusha sauti. Kweli, kama mchanga kwenye mchele.

Akasema inakwaruza kidogo tu.

Joyline akasema, baba, si kidogo.

Akamwangalia kidogo, akaendelea na kazi. Nilimwambia achomoe waya ya stima kabla ya kuingiza mkono. Akasema imechomolewa. Niliangalia. Haikuwa.

Jumapili, 7 Mei

Dereva wa lori ya Mama Phelesia ameleta kaseti. Kila fundi amepewa moja, ndiyo itapigwa siku hiyo. Ni kwaya ya Wakatoliki wa parokia yake. Sisi Wasabato kwetu hakuna kayamba kanisani, kwa hivyo nilifunga dirisha kwanza. Nilijiambia ni kazi tu.

Tukakaa sote. Baba Joyline akabonyeza.

Kayamba ikaanza peke yake. Cheke-cheke-cheke, tamu, kama mtu anapepeta mahindi mbali. Imeenda hivyo kwa muda mzuri, halafu ngoma ikaingia, halafu akina mama.

Baba Joyline alikuwa amekunja uso. Akasema kaseti ni mbaya, imeliwa mwanzo. Mwanzo mzima hakuna kitu.

Joyline akafungua mdomo: Baba, si hiyo kayamba inapi—

Nilimkanyaga mguu. Sijui kwa nini. Mguu ulienda wenyewe. Akaniangalia kwa hasira, halafu akaangalia baba yake, halafu akanyamaza. Ana akili huyu mtoto.

Baba Joyline akarudisha kaseti. Akachukua bisibisi ndogo, kuna kikinobu huko ndani cha kuongeza sauti nyembamba, akazungusha. Akasikiliza. Akazungusha. Kayamba ikawa si kayamba tena, ikawa maji kwenye mafuta ya moto. Tony akaziba masikio. Mimi meno yaliniuma.

Hapo ndipo Baba Joyline alitabasamu. Akasema, aaa! Sasa kayamba imefika. Transista ilikuwa imeila.

Tukasema ndiyo.

Jumatano, 10 Mei

Nimefikiria tangu Jumapili. Leo nimejua.

Mwaka jana, mvua za kwanza, tulikuwa tumekaa nje, Baba Joyline akasema nyenje wamekwisha, dawa ya mashamba ya tumbaku imewamaliza. Mimi nilikuwa nachambua mboga za managu, nikasema eeh. Nilifikiri anasema wamepungua. Mtu haangalii kila neno.

Leo jioni tumekaa pale pale. Nyenje walikuwa wanalia mpaka nyasi zinatetemeka. Mmoja alikuwa karibu na kiatu chake kabisa. Nikauliza, Baba Joyline, nyenje wamerudi?

Akasema, wapi. Tena akasikitika. Akasema watoto hawa watakua bila kujua nyenje.

Nilienda jikoni.

Ameshika poshomili tangu Joyline akiwa mgongoni. Pale ndani hakuna kuongea, ni kupiga kelele au kuonyesha kwa mkono. Akirudi nyumbani anapiga kelele, na sisi tunamjibu kwa kelele. Nilifikiri ndivyo familia yetu ilivyo. Jirani yangu Bhoke husema tukiombana chumvi wanasikia mpaka Tanzania.

Sauti nzito anasikia yote. Lori, ngoma, mtu akigonga mlango. Ni ile nyembamba imemwacha. Na yeye hajui. Anafikiri ni dunia imenyamaza.

Jumamosi, 13 Mei. Sabato.

Kanisani aliimba besi, vizuri kama siku zote. Mama mmoja nyuma yangu alisema mumeo ana sauti ya kuezeka nyumba. Nilifurahi halafu nikaona uchungu, vyote pamoja.

Sijaomba kitu cha maana. Maneno hayakuja.

Jumatatu, 15 Mei

Bhoke amerudisha redio yake sokoni, mbele ya watu! Baba Joyline aliitengeneza juma lililopita, akaiwekea amplifaya mpya ya transista. Bhoke akaiweka juu ya gunia langu la omena, hivi visamaki ninavyouza.

— Mama Joyline wee! Huyu bwanako ametuwekea nyoka kwa redio!

— Nyoka gani?

— Ssssss! Kuanzia habari mpaka matangazo ya vifo. Mume wangu Mniko anasema hata huyo mtangazaji amevunjika jino la mbele. Mbuzi wangu amekataa kukamuliwa!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wanawake wote wa upande wa ndizi walicheka. Bhoke akanitania tena, ati sisi Wakisii hata redio tunaifunza kugombana. Nikamwambia nyinyi Wakuria hata redio mngeiiba na ng'ombe. Tukacheka tena.

Watu wakaondoka. Bhoke akakaa karibu. Sauti yake ikabadilika.

— Mama Joyline. Huyu mzee hasikii.

— Anasikia.

— Mtu amwambie.

— Basi mwambie.

— Mimi? Mimi ni jirani. Wewe ndiye unayekula naye.

Mchana nilibeba redio nyumbani, yeye akiwa poshomili. Nilichomoa waya, nikaangalia mara mbili kama imechomoka. Nikatafuta kile kikinobu. Nikazungusha kurudi, kidogo, kidogo tena. Nikawasha. Mtangazaji alikuwa amepona jino.

Nilimrudishia Bhoke, akafurahi sana. Jioni alimkuta Baba Joyline njiani akamwambia fundi, redio sasa ni asali. Baba Joyline akanieleza kwa furaha. Akasema niliwaambia, ni masikio yao yalikuwa hayajazoea.

Ijumaa, 19 Mei

Amebadilisha muundo wote. Sasa transista mbili hazipokezani tena. Zote zinafanya kazi wakati wote, hata wimbo ukinyamaza. Kama mimi na Kemuma tushike michi yote miwili pamoja, hakuna kuachia, kwa hivyo mwanya hakuna. Ule mchanga umeisha kabisa. Hata ukiweka chini kama mnong'ono, kila neno liko. Nilishangaa. Nilimwambia na nilimaanisha.

Ubaya wake, inakula stima na inachemka. Kile kipande cha sufuria huwezi kushika. Naogopa Tony. Nimeizungushia viti.

Na ile sauti nyembamba bado ameipandisha juu. Chini ya hiyo sindano kuna kitu kizuri sana, ndicho kinaniumiza.

Kwa hivyo nafanya hivi. Akienda poshomili, nashusha. Nasikiliza peke yangu na omena yangu. Tamu! Jioni anarudi, anawasha, anasema kayamba imepotea tena. Anapandisha. Asubuhi nashusha. Kesho yake nashusha.

Sikufikiria mbele. Leo nimerudi kutoka soko nimekuta amplifaya imefunguliwa yote, vipande kwenye gazeti. Hakuenda kazini. Akasema kuna kitu ndani kinachoka mara kwa mara. Inalala na kayamba, inaamka bila. Amebadilisha kapasita. Amebadilisha waya. Anatafuta ugonjwa, na ugonjwa ni mimi!

Nilimpa chai. Alikunywa akiwa amesimama.

Jumapili, 21 Mei

Ameirudisha pamoja. Imebaki juma moja. Uso umemwingia ndani. Leo alisema labda Nicodemus ana haki, labda transista hazina moyo, ingefaa aanze upya na taa za gilasi. Nikasema usianze upya. Akasema wewe unajua nini kuhusu hizi. Hakusema kwa ubaya.

Sijagusa kile kikinobu tena. Sitagusa.

Joyline aliniuliza tukiosha vyombo, mama, kwa nini hatumwambii?

Nikamwambia ukweli. Akijua hasikii, ataona aibu, ataacha ufundi. Akiacha ufundi atabaki poshomili mpaka uzee. Na poshomili ndiyo inamla hayo masikio. Itamaliza yaliyobaki.

Joyline akasema, na asipojua ataenda Homa Bay na nyoka.

Alisema hivyo tu, akaendelea kufuta sahani. Nilimwambia akaangalie Tony kama amefunikwa.

Jumanne, 23 Mei

Nimejaribu kitu.

Alikuwa anasikiliza kaseti tena, jua lilikuwa halijazama. Nikaleta kiti karibu, nikakaa. Nikaweka mkono kwenye goti lake. Kayamba ilipoanza nikaanza kumpigia na vidole, cheke-cheke-cheke, pale pale inapopiga.

Akauliza, unafanya nini?

Nikasema, nafuata wimbo.

Akasema, wimbo bado.

Sikuacha kupiga. Sikuwa na maneno, nilikuwa na vidole tu. Halafu ngoma ikaingia, na vidole vyangu vilikuwa tayari ndani ya mwendo, havikukosea. Nilihisi goti lake limekazana kama jiwe.

Akarudisha kaseti mwanzo. Hakuangalia mashine. Aliangalia mkono wangu. Ngoma ikaingia. Akarudisha tena. Akaangalia tena.

Halafu alizima, akaenda nje. Alisimama pale kwenye nyasi muda mrefu, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu ameangusha shilingi. Nyenje walikuwa wanalia.

Aliporudi aliuliza kama kuna ugali. Kulikuwa na ugali.

Alhamisi, 25 Mei

Hajagusa amplifaya. Hajasema. Jana alimfokea Tony bila sababu, halafu akambeba.

Asubuhi nilimwona anachukua pamba kwenye kikapu changu cha dawa. Nikauliza nani ameumia. Akasema hakuna.

Saa ya chakula nilimpelekea viazi poshomili. Unga kila mahali, yeye mweupe kama mzimu. Lakini niliona. Ameziba masikio yote mawili kwa pamba.

Nilimpa viazi. Nikarudi sokoni. Nilipunja mteja mmoja omena bila kujua, nikamfuata mbio mpaka kwenye daraja kumwongezea.

Ijumaa, 26 Mei

Amelipaka sanduku rangi ya kahawia. Nzuri. Kabla ya kufunga kifuniko aliwasha, akasikiliza, akapandisha kile kikinobu juu kabisa. Juu kabisa! Alifanya haraka, kama mtu anapita mlango wa nyumba anakodaiwa.

Nilisimama mlangoni. Alijua nimesimama.

Jumapili, 28 Mei. Homa Bay.

Naandika hapa hapa, baraza ya Mama Phelesia. Stima imepotea. Nimebeba kitabu kwenye kiondo pamoja na dawa ya Tony, na sina la kufanya na mikono.

Nianze mwanzo. Tulifika salama, amplifaya nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Joyline amebaki na Tony. Mama Phelesia ametoka misa, ni mwanamke mnene mwenye kicheko cha polepole. Akanishika mkono, akasema, nyar Kisii, binti wa Kisii, karibu, wewe utakaa karibu na mimi, wanaume wakianza maneno yao tutakunywa chai. Ziwa linaonekana kutoka dirishani, na zile spika mbili ziko pande zote za dirisha kama walinzi.

Nicodemus alikuwa amefika. Mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, mkono wake una alama za kuungua kama wa mume wangu. Akagusa sanduku letu likiwa limewashwa.

— Omera, ndugu yangu! Umeleta amplifaya ama pasi?

Baba Joyline akajibu kwa ile sauti yake kubwa:

— Na wewe umeleta muziki ama taa za Krismasi?

Wakacheka, wakapigana mabega. Wanapendana hawa. Mara moja wakaanza. Nicodemus akasema ya gilasi inapokea sauti kwa mikono miwili, haiinyang'anyi. Baba Joyline akasema ndiyo, na inaichelewesha pia, na siku taa moja ikikufa utaitoa wapi? Utamfuata padre Ulaya? Nicodemus akasema akiba anayo kwenye sanduku la mama yake. Mama Phelesia akasema basi tunanunua na mama.

Kulikuwa na kichekesho cha pazia. Walitundika leso, wakazima taa ya juu wapate utulivu, na zile gilasi za Nicodemus zikawaka nyuma ya leso, nyekundu, kila mtu anaona. Mama Phelesia akasema, pazia gani hili, jua linachomoza nyuma yake! Wakatundika blanketi.

Ya kwanza ikapigwa. Kila mtu alijua ni ya Nicodemus, maana tulingoja ipate moto, na kabla ya wimbo kulikuwa na mngurumo mdogo, nyuki ndani ya chupa. Mama Phelesia aliusikia. Aliinua kidole, akauliza, huyo mdudu ni wa kaseti ama wa fundi? Nicodemus hakujibu. Lakini kayamba ilipoanza — nitasema ukweli. Ilikuwa laini. Ilikuwa kama iko hapo sebuleni, na kama anayepiga amekula ameshiba. Kichwa cha Mama Phelesia kikaanza kutikisika.

Besi yake ilikuwa nzito kidogo, imelegea, kama godoro la zamani. Ya kwetu ina besi bora. Ya kwetu haina nyuki. Ukiondoa ile sindano, ya kwetu inashinda. Mimi nasema hivyo na si kwa sababu ni mume wangu. Nimezisikiliza zote, na ya kwetu nimeisikiliza ikiwa imeshushwa. Hapa ndani hakuna mwingine aliyeisikia hivyo.

Niliangalia upande wa Baba Joyline. Yeye hakuwa anaangalia spika. Alikuwa anaangalia kichwa cha Mama Phelesia.

Wimbo ukaisha. Mama Phelesia akasema vizuri, lete ya pili. Baba Joyline akasimama kwenda nyuma ya blanketi. Akaweka kidole kwenye swichi — na stima ikapotea. Mtaa mzima. Tukasikia watu wa hoteli ya ng'ambo wakisema aaaaah.

Mama Phelesia amesema tungoje, samaki iko tayari, tule. Mimi nimetoka hapa barazani. Nicodemus yuko kwenye ngazi, anavuta sigara, mgongo wake uko kwangu.

Baba Joyline amenifuata. Amekaa kwenye ukuta. Amejaribu kunong'ona, lakini hajui tena mnong'ono ni kiasi gani, nafikiri Nicodemus amesikia yote.

Aliuliza, ile ya Nicodemus, kayamba ilianza kabla ya ngoma?

Nikasema ndiyo.

— Muda?

— Muda mzuri.

— Kichwa cha huyu mama kilianza kutikisika, mimi nasikia kimya.

Akaangalia ziwa. Kulikuwa na wale ndege weupe, wanalia sana, sijui kama aliwasikia. Akauliza tena, hajaniangalia:

— Ya kwetu mimi nimeipandisha sana?

Nilitaka kusema kidogo. Midomo ilishaanza kusema kidogo. Nikakumbuka Joyline na sahani.

Nikasema, sana, Baba Joyline.

— Toka lini?

— Toka ile ya Bhoke. Labda kabla.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anaelezwa njia. Polepole. Akasema, na ile kuchoka asubuhi, ile nilifungua mashine yote nikitafuta —

Nikasema, ni mimi. Nilikuwa nashusha.

Nilifikiri atakasirika. Nilishika kiondo. Akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu, mpaka akafuta macho na kiganja. Akasema, nimebadilisha kapasita nzima! Halafu kicheko kikaisha, akabaki amekaa tu, unga wa poshomili bado uko kwenye nyusi. Niliutoa na kidole. Akaniacha nitoe.

Akasema, kwa hivyo nyenje wako.

Nikasema wako. Wengi.

Alisimama. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile bisibisi ndogo, akaiweka hapa, juu ya kitabu hiki, katikati ya ukurasa. Hakusema niishike. Hakusema nisiishike. Akaingia ndani kula.

Bado iko hapa. Naisukuma kando kila nikifika mwisho wa mstari.

Mimi sijawahi kufungua sanduku mbele ya watu. Nikienda nyuma ya blanketi mimi, mwanamke wa omena, Mama Phelesia ataona. Atauliza kwa nini. Fundi ni yupi? Na chumba atampa nani, mtu ambaye masikio yake yako kwenye kichwa cha mke wake? Na nikikaa, nyoka itatoka kwenye spika za padre, na tutarudi Migori, na Jumatatu poshomili. Pamba haizuii yote. Niliona.

Nicodemus ametupa sigara. Amegeuka. Ameangalia bisibisi, ameniangalia mimi. Amesema pole pole, shemeji, stima hapa ikipotea huwa hairudi haraka, una muda. Sijui alimaanisha nini. Macho yake hayakuwa ya ubaya.

Ameingia ndani sasa hivi, na stima imerudi! Friji inanguruma, watoto wa mtaa wanashangilia. Mama Phelesia anapiga makofi, anasema haya, ya pili, ya pili. Viti vinavutwa.

Ananiita. Ile sauti ya poshomili, nyumba nzima na barabara inasikia:

— Mama Joyline! Kuja na masikio yangu!

Wanacheka huko ndani. Mama Phelesia anacheka kile kicheko chake cha polepole, wanafikiri ni utani wa mtu na mke wake.

Nicodemus peke yake hacheki.